Programu ya Mholanzi

Wasifu wa marehemu Masanja uliosomwa msibani ulikuwa mfupi. Kijana mmoja wa ukoo alisimama mbele ya jeneza na karatasi mkononi, akasoma marehemu alizaliwa wapi, alisoma wapi, aliugua nini na ameacha nani. Kuhusu mwaka ninaotaka kuueleza hapa kulikuwa na sentensi moja tu, kwamba marehemu aliwahi kufanya kazi dukani kwa Mhindi mjini Kahama. Waombolezaji wakaitikia, tukaelekea makaburini. Sikukasirika. Wasifu huandikwa na waliobaki kwa yale wanayoyajua, na sisi tunaoyajua ya mwaka ule tumekwisha. Mwenye duka alihamia ng'ambo kwa mwanawe akafia huko, mkewe sijui yuko wapi, na mimi nilikaa nyuma kabisa ya turubai pamoja na wageni wengine waliotoka mbali. Lakini ndani ya basi la kurudi Mwanza nilijikuta nikiyapanga yale mambo kichwani, lipi lilitangulia na nani alisema nini, kama mtu anayeandaa ushahidi ambao hakuna mahakama iliyouomba. Siku hizi nafundisha vijana kutunga programu, na ninawaona wanavyochota kazi za wenzao mtandaoni asubuhi na jioni wanaziita zao. Nimewaambia habari za masharti ya programu huria mpaka nimechoka, nao huitikia kwa adabu kisha huendelea. Habari za Masanja sijawahi kuwaambia.

Mwaka wenyewe ni ule mvua za El Nino zilipokatika. Barabara zilikuwa zimemegwa, madaraja mengine yamekwenda na maji, na bado magari ya utafiti wa dhahabu yalipita Kahama mfululizo yakielekea porini, yamebeba mabomba, mahema na watu wa mataifa mbalimbali. Nilikuwa nimekuja na cheti cha kompyuta kutoka Dar es Salaam, nikaajiriwa na Baba Nimesh, aliyekuwa akiuza vipuri, saruji na mabati barabara ya kwenda stendi. Mtoto wake Nimesh alikuwa akisoma Uingereza, na likizo moja alirudi na kompyuta mbili pamoja na sidii nyingi za bure zinazofungashwa na magazeti ya kule. Aliporudi masomoni, kompyuta zilibaki, na baba yake si mtu wa kuacha kitu kikae bure. Akahamisha mifuko ya saruji kutoka chumba cha nyuma, akapaka ukuta chokaa, akatuweka humo mimi na Masanja. Vumbi la saruji halikuisha mwaka mzima. Kila asubuhi tulipuliza kibodi kabla ya kusalimiana.

Masanja alikuwa ameanza dukani kama mpakiaji mizigo, akajifunza kompyuta kwa Nimesh kwa kusimama nyuma ya kiti chake. Alikuwa mkubwa kwangu kwa umri, mrefu, mpole, mwenye kucheka polepole kana kwamba kicheko kinatoka mbali. Aliniita dada Zuhura na kunitania kwamba watu wa mjini tunaongea kwa midomo tu, matumbo hayana habari. Dirisha letu liliangalia ua ambamo Mama Nimesh alianika papadi na pilipili, na saa sita mchana aliteremka na sinia: chapati nyembamba, wali, mchuzi wa dengu, kachumbari. Nyama haikuwahi kuingia katika nyumba ile. Masanja alikula kila kitu, akashukuru, 'Wabeja, Mama Nimesh,' kisha akaninong'oneza kwamba ng'ombe wa Usukuma wote wakihamia hapa watakufa kwa uzee. Kupitia ukutani tulimsikia Baba Nimesh akibishana na wateja. Alizaliwa palepale Kahama, na alipotaka kumshinda mkulima kwa bei alihamia Kisukuma katikati ya sentensi, jambo lililowafanya wakulima wacheke na kulegea. Kisukuma changu hakikufika robo ya chake, hata leo.

Katika zile sidii tulipata programu ya kutunza stoo. Mtunzi wake alikuwa Mholanzi, jina lake la kwanza Hendrik, la pili sikuwahi kuliweza. Alieleza katika maneno ya utangulizi kwamba aliitunga kwa ajili ya duka la baiskeli la shemeji yake, kisha akaona aitoe kwa yeyote atakayeihitaji. Msimbo wake, yaani yale maandishi ya amri ambayo kompyuta huyafuata, ulikuwa wazi wote, na pembeni yake kulikuwa na faili la masharti. Mimi ndiye niliyelisoma, kwa kuwa katika chumba kile ni mimi tu niliyekuwa na subira ya Kiingereza kirefu. Yalisema itumie upendavyo, ifungue uone ndani, ibadilishe, hata kuiuza uza. Ila usifute majina ya waliotangulia. Ukibadilisha, andika kwamba aliyebadilisha ni wewe, ili kosa lako lisije likamwangukia aliyekupa. Na ukimpa mtu mwingine, mpe pamoja na msimbo wake, kwa masharti yaleyale uliyopewa wewe. Nilimtafsiria Masanja, akasikiliza mpaka mwisho, akasema, 'Huyu mtu ana ustaarabu.'

Baba Nimesh hakuona ustaarabu wowote. Alikuwa amezungumza na kampuni moja ya kuchoronga miamba iliyokuwa na kambi upande wa Geita. Walitaka programu ya stoo yao, mafuta hasa, maana dizeli ndiyo iliyokuwa ikiwatesa. Aliketi juu ya boksi la misumari tukila, akasema skrini ya kwanza iandikwe jina la duka, la Mholanzi litoke. Nikamwambia masharti hayaruhusu. 'Nani atakuja Kahama kuangalia?' akauliza. Nikasema kama hatuyataki masharti, tutunge yetu kutoka mwanzo, na itachukua zaidi ya mwaka. Hilo akaliacha. Kisha akauliza habari ya kutoa msimbo: 'Mtu nikimuuzia chapati nimpe na mapishi?' Mama Nimesh, aliyekuwa akikusanya vyombo, akamjibu kwa Kiswahili ili sote tusikie, 'Mapishi ya chapati yako kwa kila mtu, na bado wanakuja kula hapa.' Masanja alitazama chini ili asionekane anacheka. Baada ya siku kadhaa Baba Nimesh alibadili msimamo mwenyewe, tena kupita tulivyotaka. Alikuwa amegundua kwamba jina la Mholanzi linauza. Nilimsikia kwenye simu akimwambia meneja wa ile kambi, 'Hii siyo ya kubahatisha, hii ya mtaalamu wa Ulaya, inatumika huko kote.'

Kazi tuliigawana. Mimi niligeuza maneno ya skrini yawe Kiswahili, na kila faili nililoligusa niliandika juu yake jina langu na nilichobadilisha. Masanja alichukua hesabu. Duka la baiskeli haliuzi kitu kikarudi, lakini pale kambini mafuta yalitoka asubuhi kwa madumu kwenda kwenye mitambo porini, na jioni yaliyobaki yalirudishwa stoo. Programu ya Hendrik haikujua kurudisha. Masanja akaitungia sehemu nzima ya marudisho, kwa muda mrefu na kwa raha kubwa, akiimba kwa sauti ya chini huku akiandika. Ilikuwa kazi nzuri, nasema hivyo kama mtu anayeishi kwa kusahihisha kazi za wengine. Nilipopitia mafaili yake sikuona jina lake popote. Kila alichoongeza alikiacha chini ya jina la Hendrik, kama vile Hendrik mwenyewe ndiye aliyekaa Kahama akawaza habari za madumu.

Nilimwuliza. Akanieleza jambo ambalo mimi, mtu wa mjini, nilikuwa sijawahi kulisikia. Alikulia katika kundi la ngoma la mjomba wake. Mavuno yakiisha, makundi hukutana, kila manju, kiongozi wa ngoma, na wafuasi wake, na umati huhama kumfuata anayeimba vizuri zaidi. Katika kundi lao mwanafunzi hakuwa na wimbo wake. Alichokitunga, hata kama amekitunga peke yake akichunga, alikiimba kwa jina la mwalimu wake, mpaka siku mwalimu atakapomtoa mbele ya watu na kusema huyu sasa anaimba mwenyewe. Anayejitaja kabla ya hapo huzomewa. 'Huyu Hendrik ndiye mwalimu wangu,' alisema. 'Hajanitoa.' Nikamwambia Hendrik hamjui, hawezi kumtoa, na kwamba masharti yake yanataka kinyume, anataka kila mmoja ajitaje. 'Anasema hivyo kwa upole wake,' akanijibu. 'Mwalimu mzuri husema hivyo. Mwanafunzi mzuri hakubali.' Nilirudia tena siku nyingine, naye akarudia jibu lilelile. Baba Nimesh, tulipompelekea shauri, aliona Masanja ana akili kuliko mimi. Mteja anataka cha Mzungu, akasema, basi apewe cha Mzungu kitupu. Kwa hiyo heshima ya mmoja na biashara ya mwingine zikakutana mahali pamoja, nami nikakubali. Programu ilikwenda kambini pamoja na msimbo wake kwenye diski laini, na mle ndani kulikuwa na majina mawili tu, la Hendrik na langu.

Nikitazama nyuma, miezi iliyofuata ndiyo ninayoikumbuka kwa utulivu zaidi. Nilipanga chumba kwa bibi mmoja wa Kimanyema karibu na msikiti, na jioni nilikaa naye barazani tukila matobolwa, vile viazi vitamu vya kuchemshwa na kukaushwa, na karanga huku akinisimulia nani kaoa na nani kaachwa. Dukani kazi ziliongezeka. Wanunuzi wa mpunga walianza kuuliza kama ile programu inaweza kuhesabu magunia, na kampuni nyingine ya utafiti ilituma mtu kuja kuiona. Baba Nimesh alituletea feni, na siku moja alimwita Masanja 'fundi' mbele ya wateja, neno ambalo Masanja alilibeba wiki nzima bila kulitaja. Hakupakia tena saruji. Mama yake alikuja kutoka kijijini kumwona akifanya kazi akiwa ameketi, akasimama mlangoni na kuku mikononi, akatutazama, akaondoka bila kuingia ndani. Kuku tuliachiwa mimi na Masanja, na ilibidi tumle nyumbani kwangu, si pale.

Habari ilitufikia kupitia kwa dereva wa kampuni aliyekuja kuchukua mabati. Alisema, katika kuagiza vitu, kwamba mtunza stoo wao amesimamishwa kwa wizi wa dizeli, mama mtu mzima, mlokole, watu wameshangaa. Kompyuta imemkamata. Tangi halina mafuta ambayo kompyuta inasema yamo, na polisi wa Geita wameitwa. Aliisema kama habari njema kwetu, kwamba programu imefanya kazi yake. Baba Nimesh alipokea sifa hizo kwa uangalifu. Dereva alipokwenda kupakia, Masanja alikuwa amesimama katikati ya chumba. 'Kama ni upande wa marudisho,' alianza, asimalize. Baba Nimesh alimtazama, kisha akaenda kumwambia mkewe kwamba kesho yake tutasafiri.

Tulikwenda kwa pikapu ya duka, Baba Nimesh akiendesha, mimi katikati, Masanja dirishani. Barabara ilikuwa mbaya na hakuna aliyelalamika. Tulisimama mahali kunywa chai na chapati za maji, na kwenye meza ya jirani wachimbaji wadogo walikuwa wakibishana kuhusu duara, yaani shimo la dhahabu, lililowamwagia maji, nani alilianzisha na nani alilikuta, na kila mmoja anasema la kwangu. Baba Nimesh aliwasikiliza mpaka akasahau chai yake. Kambi ilikuwa uwanja uliosafishwa katikati ya miyombo, makontena yamepangwa, tangi la dizeli limeinuliwa juu ya nguzo. Meneja alitupokea katika kontena lililotobolewa dirisha. Alikuwa Mtanzania mwenzetu, mwenye miwani na sauti ya chini, mtu wa haki kwa namna yake, na hilo ndilo lililofanya mambo yawe magumu. Alikuwa amefungua diski yetu akasoma yaliyomo.

'Hapa inasema mtunzi ni Hendrik,' alisema. 'Mabadiliko: Zuhura, tafsiri ya maneno ya skrini. Ni wewe dada?'

'Ni mimi.'

'Uligusa hesabu?'

'Sikugusa.'

'Basi hesabu ni ya Mholanzi peke yake, na mmeniambia wenyewe inatumika Ulaya yote. Mimi Mama Shija, mtunza stoo wangu, namheshimu, anaombea hata watoto wangu. Lakini mashine inasema hivi na yeye anasema vile. Mmoja wao ni mwongo, na mashine haina sababu ya kuiba dizeli.'

Sikuwa nimewahi kusikia sentensi iliyonyooka namna ile ikijengwa juu ya faili nililoliandika mwenyewe, kila neno kweli, na yote kwa pamoja si kweli.  Tukaomba kuangalia kompyuta ya stoo. Masanja aliingiza dumu moja la marudisho, la kujaribia, akatazama jumla. Ilikuwa sawa. Kisha akaiamuru programu ifunge hesabu za siku kama Mama Shija alivyokuwa akifanya kila jioni, akatazama tena. Dumu lilikuwa limeongezwa mara ya pili. Ilikuwa inatokea hivyo kila jioni tangu siku ya kwanza. Kila kilichorudi kilihesabiwa mara mbili, kwa hiyo kompyuta iliamini kuna mafuta ambayo hayajawahi kuwapo. Masanja alilitafuta lile dumu la kujaribia akalifuta, akakunja mikono mapajani.

Baba Nimesh alituita nyuma ya makontena, penye kivuli. Hakuwa mtu mbaya na sitaki aonekane hivyo. Alikuwa na duka, na zile kampuni nyingine zilikuwa zikisubiri kusikia programu imefanyaje. 'Tutasema kosa limeonekana,' alisema, 'limo kwa Mholanzi, tunamwandikia atengeneze. Mama anaachiwa. Duka linabaki. Nyie mnabaki. Mholanzi yuko kwao, jina lake likichafuka hapa porini atajua?' Kisha akamgeukia Masanja, akamsemesha kwa Kisukuma, polepole, na nilielewa kiasi cha kutosha: ukisema ni yako, nani atanunua tena kwetu? Chumba nitafunga. Wewe utarudi kubeba saruji na huyu binti atakwenda wapi? Nilitaka Masanja akubali. Nasema wazi, nilitaka. Kazi nilikuwa naipenda, na yule Mholanzi sikuwa namjua.

Masanja alimjibu kwa Kiswahili, nadhani ili nami nisikie. 'Bosi, mimi nilimpa wimbo. Kosa sikumpa.'

Tulirudi ndani na Baba Nimesh ndiye aliyetangulia kusema. Aliyasema vizuri, kama alivyoyapanga. Meneja alisikiliza, akaondoa miwani, akaifuta. 'Sawa,' akasema. 'Mwandikieni. Mholanzi akijibu kwa barua kwamba ni kosa lake, mimi mwenyewe nitakwenda Geita kumtoa Mama Shija. Maana polisi wanakuja mchana huu kumchukua, na siwezi kuwazuia kwa maneno ya muuzaji.' Wakati ule barua ya Ulaya ilikwenda mwezi na kurudi mwezi, ikirudi.  Masanja alikuwa amebaki amesimama, viti havikutosha.

'Hiyo sehemu si yake,' alisema. 'Niliitunga mimi.'

Meneja hakumwamini. Alimtazama kuanzia viatu mpaka juu, si kwa dharau, kwa uchovu, kama mtu aliyeletewa shahidi wa kununuliwa. 'Kijana, jina lako halimo humu,' alisema. 'Mtu anayetunga kitu kama hiki hawezi kuacha kuandika jina lake.' Masanja alijaribu kumweleza habari ya mjomba wake na ngoma, akaona haifiki, akaacha. Aliomba kiti. Meneja akampisha chake. Akaifungua sehemu ile ya marudisho, na bila kusoma akaenda moja kwa moja mpaka pale palipokosewa, akaweka kidole juu ya kioo. Akaeleza alikuwa akiwaza nini alipoiandika, kwa nini aliongeza pale na kwa nini alisahau kwamba alikwisha kuongeza kule juu. Alieleza kama mtu anayeonyesha kovu. Akabadilisha, akairudia hesabu yote tangu mwanzo, tukasubiri. Meneja alitoka na fimbo ya kupimia tangi, akarudi, akalinganisha. Yalilingana.

'Andika jina lako,' meneja alisema. Nilimtajia Masanja maneno ya Kiingereza naye akayaandika juu ya faili: kwamba sehemu ya marudisho iliongezwa na yeye, Kahama, na kwamba kosa la kuhesabu mara mbili lilikuwa lake na si la mtunzi wa kwanza. Aliandika kwa kidole kimoja kimoja, yeye ambaye siku zote aliandika kwa vyote. Meneja akamwambia askari wa getini awarudishe polisi wakifika. Kisha akatuambia, kwa sauti ileile ya chini, tuitoe programu yetu kwenye kompyuta yake, hataki kitu cha kujifunzia juu ya mafuta ya watu. Baba Nimesh aliifuta mwenyewe.

Niyamalize ya duka kwanza, maana hayana mengi. Ile kampuni nyingine haikurudi. Wanunuzi wa mpunga waliendelea na madaftari yao. Kabla ya mwaka kwisha chumba cha nyuma kilirudishiwa saruji na kompyuta zikauzwa kwa mtu wa kuchapa barua karibu na mahakama. Mama Nimesh alinifungia chapati za safari nilipohamia Mwanza, akalia kidogo, nami nikalia. Masanja hakurudi kubeba mizigo. Alilima pamba, akachimba dhahabu Mwakitolyo, akawa na ng'ombe, na kompyuta hakuigusa tena kwa kadiri ninavyojua. Nilipata kumwuliza mara moja, tulipokutana stendi ya Shinyanga, kama anajuta. Alisema alipoteza kazi na alikuwa anaipenda, kwa hiyo ndiyo, anajuta. Kisha akaniuliza habari za watoto.

Lakini siku ile, kabla ya kuondoka kambini, meneja alitaka kutuma mtu akamwambie Mama Shija kwamba yuko huru, na Masanja akaomba aende yeye. Nilimfuata. Mama huyo alikuwa amepanga chumba cha udongo nje ya uzio, na mgambo aliyewekwa kumlinda alikuwa ameegemea ukuta, anakula muwa. Mama Shija alikuwa mtu wa makamo, mnene, mtulivu, mwenyeji wa Sengerema. Alikuwa ameketi kwenye kigoda mlangoni anachambua matembele, na kando yake kulikuwa na mfuko mdogo wa nguo uliokwisha kufungwa kwa safari ya polisi.

'Shikamoo, mayu,' alisema Masanja, akachuchumaa.

'Marahaba. Gari limefika?'

'Halitakuja. Mafuta hayakupotea. Kompyuta ilikuwa inahesabu mara mbili, na aliyeiandika vibaya ni mimi.'

Hakushangilia. Aliendelea kuchambua majani machache, kisha mikono ikasimama. 'Waliniambia ni ya Mzungu,' alisema. 'Anaitwa Hendrik.'

'Ni yake. Ila hapo palipokutesa ni pangu.'

'Mbona hukusema?'

'Nilikuwa namheshimu.'

Mama Shija aliweka majani chini. 'Sasa umeniponza mimi kwa Mungu,' alisema. 'Yule mtu nimemfungia. Nimekaa na njaa kwa ajili yake. Kila asubuhi nimepiga magoti hapo ndani nikamtaja kwa jina, Hendrik, Hendrik, nikaomba Bwana ampige kama alivyonipiga mimi. Kumbe mtu wa watu hana habari, yuko kwake na wanawe.'

Masanja alivua kofia. 'Mtoe, mayu,' alisema. 'Uniweke mimi.'

'Wewe unaitwa nani?'

'Masanja.'

'Masanja wamejaa nchi nzima. Masanja wa nani?'

'Masanja ng'wana Ndalahwa.'

Alisogeza ungo pembeni, akajifuta mikono kwenye khanga, akafumba macho palepale kwenye kigoda. Mgambo aliacha muwa. Mama Shija aliomba kwa Kizinza, lugha ya kwao, kwa sauti kubwa, kwa muda mrefu, na sijui mpaka leo alimwombea Masanja mema au mabaya, maana katika yote aliyoyasema nilitambua majina tu, la Mholanzi kwanza, kisha la Masanja na la baba yake. Alipomaliza, Masanja ndiye aliyeitikia amina.